Kinywa cha Mama

Nilipofika wodini mwanangu Felista alikuwa chini ya kitanda. Niliona nyayo zake kwanza, zimepasuka kama chungu kilichowahishwa motoni. Kifundo cha mguu mmoja kilikuwa kimefungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye chuma cha kitanda.

"Wewe ndiye mama yake?" nesi aliniuliza. Alikuwa binti wa Kinyakyusa, jina lake Tusekile.

"Ndiye mimi. Ugonile, mwanangu," nilimsalimu kwa lugha yao.

"Ndaga, mama. Usimvute. Akivutwa anauma."

Niliweka mzigo wangu nikakaa sakafuni. Sikumvuta. Nilimsalimu kwa Kikisi, lugha yetu, salamu ile tunayopeana asubuhi tukikutana kwenye shimo la udongo, kana kwamba nimemkuta huko na si mahali pale. Nikamwuliza kama udongo wa mwaka huu una nguvu. Kitambo kikapita, halafu nikasikia sauti yake, nyembamba, imekauka.

"Una mchanga mwingi, mama."

Nesi Tusekile aliacha kukunja shuka. "Kumbe anasema! Tangu aletwe hapa hajatoa neno. Mimi nimemsemesha Kinyakyusa mpaka nimechoka, ananitazama tu. Daktari ameshaandika kwamba hasemi."

Kwenye kitanda cha pili alilala Bibi Mwasiti, mke wa mwenye duka wa Kyela mjini, mguu wake umefungwa plasta mpaka pajani. Alijiinua kwa kiwiko.

"Umekuja, mama? Alhamdulillahi. Maana hapa tumeonyeshwa sinema bila kiingilio, na lugha yenyewe hatuijui."

"Pole na mguu, mama."

"Mguu utapona. Mtazame mwanao."

Hospitali ile ilikuwa ya misheni. Jina lake naliacha, maana watu wake hawakuwa wabaya. Habari nilizipata kwa wafinyanzi wenzangu wa kijijini kwetu Ikombe waliorudi na mtumbwi kutoka sokoni Matema, vyungu vingi vikiwa havikuuzwa, maana miaka ile ya biashara huria ndoo za plastiki zilifika mpaka ufukweni kwetu. Waliniambia, "Mama Felista, mwanao amevuliwa mtoni na mtoto kifuani." Niliacha chungu nusu, sikunawa hata mikono. Nilifika hospitalini udongo ungali kwenye kucha.

Felista aliolewa Bujonde, kwa Wanyakyusa wenye mpunga na kakao. Mume wake, Erasto, alikuwa amevuka mto Songwe kwenda Malawi na marobota ya mitumba, na hakuna aliyejua yuko Karonga au amepita mbele. Mkewe alijifungua yeye hayupo. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Anyes. Kitovu hakijakauka, Felista akaacha kulala. Halafu akaacha kula. Siku moja asubuhi walimkuta amesimama katikati ya mto, maji yanamfika kifuani, mtoto amemshika chini ya kidevu. Aliyerukia maji akawatoa wote wawili ni baba mkwe wake, mzee Zebedayo. Ndiye aliyemleta hospitali kwa baiskeli, na ndiye aliyebaki naye, maana mama mkwe anaumwa nyonga, hatembei.

Hayo niliambiwa na nesi. Kisha akaniambia na lile lililonikata maini.

"Ijumaa gari linakwenda hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Mwanao yumo."

Nilijua habari za kule. Si kwa kuona, kwa kusikia. Kijana mmoja wa pwani yetu alipelekwa zamani, mwendo wa siku mbili kutoka ziwani. Hakuna aliyejua Kikisi huko, na yeye Kiswahili kilikuwa kimemtoka na akili. Tulipopata habari zake tena alikuwa ameshazikwa. Mama yake alipelekewa neno tu, wala si na mtu wa kabila letu. Nikamtazama mwanangu pale chini nikasema moyoni, Bwana, huyu hapana. Nichukulie mikono, nisifinyange tena, lakini huyu asiende mahali ambapo hata akiomba maji hawatamwelewa.

Nilimtoa chini ya kitanda kidogo kidogo, kwa maneno. Nilimlaza kichwa mapajani mwangu. Nesi aliniletea mjukuu, Felista akamnyonyesha bila kumtazama, macho yakiwa ukutani. Lakini alinyonyesha. Nikapata moyo.

Ndipo mlangoni pakasikika kikohozi. Khm, khm. Kikohozi cha mtu mzima, cha adabu.

Mwili wa Felista ulikakamaa kama ubao. Mtoto aliachwa mapajani mwangu, kanga ikavutwa kufunika uso, na mwanangu akapotea tena chini ya kitanda, kamba ikamburuta mguu hata akajikwaruza. Mlangoni walisimama mzee Zebedayo, ameshika kopo la uji, na nyuma yake daktari.

"Umeona?" Bibi Mwasiti alinong'ona. "Mzee huyo akikohoa tu, mwanao panya."

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Tanga, jina lake Ridhwani. Alichuchumaa akauliza kwa Kiswahili, taratibu: mgonjwa amelala? Amekula? Anasikia sauti? Kila alilouliza, mzee Zebedayo aliinama akalirudia kwa Kikisi chake cha kununulia vyungu, kwa sauti ya upole kabisa. Chini ya kitanda kimya. Akasogeza lile kopo la uji. Felista alilisukuma kwa kisigino.

"Jina la baba mkwe wako nani?" daktari aliuliza. Nadhani alitaka kuona kama anawatambua watu.

Mzee Zebedayo alisita, kisha akamtafsiria hata hilo. Felista akaanza kutetemeka.

"Hatambui jamaa," daktari alisema kwa huzuni, akaandika. "Nesi, ongeza sindano ya jioni."

Mimi si mwepesi wa kusema mbele ya watu nisiowajua, na kitu kikinikera hukigeuzageuza kwanza. Nilikaa na mjukuu wangu nikatazama. Daktari alipotoka, mzee akatoka, mwanangu akarudi juu mwenyewe. Nesi wa kiume alipoingia kubadilisha maji, hakujificha. Padri mmoja alipopita kuombea wagonjwa, hakujificha. Mchana mzee Zebedayo alirudi, akakohoa, kanga ikapanda usoni, chini.

Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilichoka kuliko kabla.

Wanyakyusa wana jambo lao wanaloliita kutila. Mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia porini. Halitamki jina lake, wala hali naye, wala hapiti aliposimama. Kwetu Ikombe mkwe anaonewa haya, ndiyo, lakini si hivyo. Felista alipoolewa, mawifi walimfunda, na kwa kuwa alikuwa mgeni, Mkisi, mtoto wa wafinyanzi, aliogopa kuchekwa. Wenyeji wenyewe siku hizi walikuwa wamelegeza, hasa wa kanisani. Bibi arusi wa Kinyakyusa anaweza kugeuza uso tu akapita. Wangu alikuwa anajitupa matopeni mzigo ukiwa kichwani. Walimsifu Bujonde nzima. "Mkisi anatila kuliko sisi." Nami nilifurahi kusikia.

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyemkumbatia majini, nguo zimelowa, akamtoa mbele ya watu. Ndiye aliyempakia kwenye baiskeli. Ndiye anayemlisha na kumwuliza kama analala. Na kwa heshima yake, kabla ya kuingia, anakohoa kama inavyotakiwa, ili mkwe apate nafasi ya kujificha.

Nilimfuata kwenye ukuta wa jiko ambako ndugu za wagonjwa hupika.

"Baba Erasto, ndaga kwa kumwokoa mwanangu."

"Tusishukuriane. Ni mtu wangu pia."

"Naomba usiingie tena wodini."

Alinitazama kama nimemtemea mate. "Nisiingie? Nani atamlisha? Nani atasema na daktari? Wewe umefika leo."

"Anakutila, baba. Ndiyo maana hasemi."

"Hapa ni hospitali, mama! Hospitali haina ukwe. Ni kama msibani, ni kama safarini. Mimi mwenyewe nimelisamehe jambo hilo tangu niliporuka majini. Ningefanyaje, ningekohoa kwanza ndipo niwaokoe?"

Wanawake waliokuwa wakipika walicheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, halafu uso ukamwanguka. Niliona jinsi mzee yule alivyokuwa amekonda. Suruali ilikuwa bado na tope la mto.

"Wewe umelisamehe," nilisema. "Yeye hajaambiwa. Na wa kumwambia si wewe."

Alikaa kwenye jiwe. "Basi mwambie," alisema. "Mwambie baba yake hana neno naye. Mwambie sikumtazama. Nilifumba macho majini."

Jioni ile nilikwenda kwa daktari. Nilimkuta anakunywa chai iliyopoa. Nilimweleza yote, nimesimama, nikijua Kiswahili changu ni cha darasa la saba la zamani. Hakunikatiza. Nilipomaliza alishika kichwa.

"Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, mama, lakini hafiki uvunguni. Kwa hiyo mimi nimekuwa namhoji mwanao kwa kinywa cha mtu ambaye yeye hawezi hata kumsikia."

"Hukujua, mwanangu."

"Sikujua. Lakini sikiliza na wewe. Mila haikumwingiza mtoni."

"Haikumwingiza."

"Basi kesho nitamhoji upya. Wewe utakuwa kinywa chake na changu. Mzee akae nje. Nikiona anaweza kutibiwa hapa, nawe uko kitandani pake, jina lake nitaliondoa kwenye gari. Nikiona hapana, litabaki. Sitaki kukudanganya."

Nilirudi wodini nikipaa. Nilimwogesha Felista, nikamsuka nywele, nikamfikishia maneno ya baba mkwe wake. Alisikiliza. Akauliza, "Alifumba macho?" Nikasema alifumba. Akalia kidogo, na Bibi Mwasiti naye akalia, bila kujua analilia nini. "Kulia kwa jirani hakuna tafsiri," alisema akijifuta. Nesi Tusekile alifungua ile kamba ya mguuni, akaiviringisha, akaitia mfukoni. Niliomba kama sijawahi kuomba tangu mume wangu azame. Nilisema, Bwana, umeshaniwekea mlango, usiufunge.

Asubuhi tuliingia chumbani kwa daktari sisi watatu tu. Mjukuu nilimpakata. Felista alikaa kwenye kiti kama mtu, miguu pamoja. Daktari aliuliza mambo madogo kwanza. Nikauliza kwa Kikisi, akajibu, nikarudisha kwa Kiswahili. Jina lake. Jina la mumewe. Mwezi. Alijibu yote sawa. Daktari aliandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikahesabu kwamba tumeshapona.

"Mwulize kuhusu mtoto."

Nilimwuliza. Felista alimtazama Anyes kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema kwa utulivu, kama anayeeleza bei ya chungu: "Huyu si wangu, mama. Wangu bado yumo tumboni, amekataa kutoka. Huyu ni wa maji. Ukimsikiliza akipumua utasikia mawimbi."

Nilitafsiri. Nilitafsiri yote, ila nilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba sauti ndogo ingelifanya neno dogo.

Daktari aliweka kalamu. "Mama, sasa nahitaji jibu la swali moja. Mwulize kama anataka kufa."

Nilimfunika mjukuu kanga vizuri.

"Mama?"

"Swali hilo siwezi kumwuliza, Daktari."

"Lazima. Ndilo linaloamua."

"Kwa Kiswahili ni swali. Kwa lugha yetu, likitoka kwangu kwenda kwake, si swali." Nilitafuta namna ya kumweleza. Kwetu mama hamtajii mtoto wake kifo. Hata akiwa na hasira ya namna gani. Kinywa kilichomwimbia mtoto kikimwambia kufa, neno humfuata, linajua njia ya kwenda kwake kuliko neno la mtu mwingine yeyote. Mimi ni mkristo, nimebatizwa na nimekipokea kipaimara, na wachungaji wamekwisha kutufundisha kwamba uhai uko mkononi mwa Mungu. Naamini. Lakini ulimi haukutaka kuinuka. Na niliogopa zaidi kwamba Felista naye angesikia si swali bali ruhusa.

"Nimwulize mimi mwenyewe kwa Kiswahili?" daktari alisema.

"Hakisikii sasa. Mzee alikuwa anakitafsiri kwa sababu hiyo."

"Basi tufanyeje, mama? Mimi bila kujua hili siwezi kumwacha hapa hata usiku mmoja."

Mjukuu alianza kulia. Nilimtia kidole kinywani. Nikafikiri, na kufikiri kwenyewe kulikuwa kama kutembea gizani kwenye majabali ya ufukwe.

Nikamgeukia mwanangu. "Felista, kesho ukiamka, tuseme uko nyumbani, hakuna mtu. Utaanza na kazi gani?"

Alijibu mara moja. Alikuwa amekwisha kuipanga.

"Nitamrudisha huyu kwanza, maana wananidai. Halafu nitamfuata, nisimwache peke yake. Si baridi, mama. Ukishazoea si baridi."

Daktari alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Nilijua kabisa kwamba hakuna mtu mwingine ndani ya chumba kile aliyeelewa alichosema isipokuwa mimi na Mungu. Ningeweza kusema, "Anasema ataanza kupalilia." Ningeweza kusema, "Anasema atachota maji," na isingekuwa mbali sana na maneno yake. Jina lingetolewa kwenye gari. Ningelala naye, ningemfunga kanga yangu kiunoni mwake, ningemlinda. Ningemlinda mpaka lini? Mimi ni mwanamke wa miaka ninayojua mwenyewe, na ziwa liko mlangoni kwangu.

Nilitafsiri.

Sauti ilikatika katikati, ikabidi niyarudie maneno yale tangu mwanzo, kwa hiyo nilimpakia mwanangu garini mara mbili.

Daktari Ridhwani hakuandika. Alisema tu, "Pole, mama yangu." Kisha, "Ataondoka kesho."

"Nakwenda naye."

"Nafasi ya ndugu ipo moja."

"Ndiyo yangu."

"Na mtoto? Sindano za huko ni kali, zinaingia kwenye maziwa. Mtoto hatanyonya kwa mama yake kwa wiki nyingi, na mimi siwezi kuweka kichanga ndani ya gari moja na mama aliyesema maneno hayo. Ukienda, nani atakuwa na mtoto? Ukibaki na mtoto, nani atasema na mwanao?"

Niliwatazama wote wawili, mmoja mapajani, mmoja kitini. Felista alikuwa anaokota udongo kwenye kucha zangu, taratibu, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Mzee Zebedayo alikuwa kwenye ukuta wa jiko. Nilipomwambia alisimama.

"Ndugu wa kwenda ni mimi. Ng'ombe za mahari zilitoka kwangu. Akifa huko mbali, mikononi mwa watu wengine, watu wake watakuja kuniuliza: mtoto wetu yuko wapi, Mnyakyusa? Nitawajibu nini?"

"Watu wake ni mimi, baba. Nikiwa naye, nani atakuja kukuuliza?"

Moshi ulimpitia usoni, hakupepesa.

"Utakwenda ukakae chumba kimoja naye," nilisema, "naye atakaa uvunguni mpaka afe. Wewe unampenda, nimeona. Lakini mapenzi yako yanamfunika uso."

"Sema taratibu, mama. Watu wanasikia."

"Wasikie. Mimi sina tena neno la kusema taratibu."

Alivua kofia akaifuta jasho lake la ndani, akaivaa. "Na huyu mdogo?"

"Nilikuja kukuomba wewe."

"Mimi?" Alishtuka kweli. "Mwanamume mzima nibebe kichanga Bujonde kwa baiskeli?"

Bibi Mwasiti, aliyekuwa ametolewa nje kwa kiti ili aote jua, alipaza sauti. "Mbona mama yake ulimbeba, baba, naye ni mzito zaidi! Beba. Wakikucheka sema Mwasiti wa dukani amekuruhusu."

"Wewe mama mguu wako umevunjika, mdomo haukuguswa," mzee alisema. Lakini mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Alimpokea Anyes vibaya, kama anayepokea chungu kilichojaa, kisha akamsogeza kifuani. "Yupo Hellen, mke wa mdogo wangu. Ananyonyesha. Atanyonya huko." Akamtazama usoni mtoto yule, naye mtoto akamtazama. "Nitamwambia Hellen asimpeleke mtoni hata kwa kufua."

Bibi Mwasiti alituma dukani kwake kopo la maziwa ya unga na kanga mpya ya kumfungia, akakataa shukrani. Daktari naye alifanya alichoweza. Aliandika barua ya kwenda huko akanisomea kabla ya kuifunga: mgonjwa huyu ni Mkisi, kwa sasa anaelewa Kikisi tu, asihojiwe bila mama yake, asihojiwe mbele ya mwanamume yeyote wa upande wa mume, na maswali ya kifo yaulizwe kwa njia ambayo mama atachagua.

"Wataisikiliza?" nilimwuliza.

"Sijui, mama. Wagonjwa ni wengi na manesi wachache. Nimeiandika kwa wino mweusi."

Ijumaa gari lilisimama mbele ya wodi. Mzee Zebedayo alikuwa ameondoka mapema kabla mwanangu hajatolewa, asije akamkuta njiani. Nilimwona tu kwa mbali akikokota baiskeli, hakuipanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya kanga ya Bibi Mwasiti. Nesi Tusekile alipanda mbele na dereva. Mimi na Felista nyuma, na mgonjwa mwingine, mzee asiyesema, na nduguye.

Gari lilipanda milima. Joto la Kyela likabaki chini na migomba ikawa minene. Nyuma yetu ziwa lilionekana kitambo, kisha ukungu ukalifunika. Felista hakugeuka kulitazama, na sikujua kama hilo ni jema au baya.

Karibu na Tukuyu niliona blauzi yake imelowa. Maziwa. Mwili ulikuwa unamwita mtoto bila kumwuliza mwenyewe. Nilijua la kutokea: yakiachwa yatavimba, yatauma, kisha yatakata, na yakikata, hata siku atakayopona hatakuwa na cha kumrudishia Anyes.

Nilimwomba dereva asimame. Nilimshusha Felista nyuma ya majani ya chai, kwenye baridi, nikamfungua kifua. Nilikamua kwa vidole vyangu, kama nilivyofundishwa na mama yangu, kutoka juu kushuka, maziwa yakaanguka kwenye udongo mwekundu. Yalikuwa mengi. Yalikuwa mazuri, mazito. Nililia nikikamua, maana ni dhambi kumwaga chakula cha mtoto, na sikuwa na la kufanya.

"Unamwaga ya nani?" Felista aliniuliza.

"Ya Anyes."

"Anyes ni nani?"

"Ni mwanao."

"Wangu hajatoka, mama."

"Basi ya huyo atakayetoka," nilisema. "Tunayatunza yasikate."

Alifikiri. Dereva alipiga honi. Nesi Tusekile alimwambia kwa Kinyakyusa kitu kikali, honi ikanyamaza.

Tuliendelea. Felista alilala begani kwangu, na usingizini midomo yake ilikuwa inatembea, nikaweka sikio nisikie anasema nini, sikusikia. Niliimba nyimbo za kanisani kwa Kikisi, zile chache zilizopo, na zilipokwisha nikaanza tena. Nilimwambia Mungu wazi kwamba simwelewi. Sikumtukana. Nilimwambia tu.

Tulipokuwa tunakaribia Uyole aliamka. Kifua kilikuwa kimejaa tena, nguo imeshikana na mwili. Nilikuwa nainua mkono nimgongee dereva. Kabla sijagonga, Felista alifungua kifungo cha juu cha blauzi yake mwenyewe, akanitazama, akangoja.